Jiko la Nyuma Lisivunjwe

Zimeni simu zenu, mkae mahali nitakapowaona, kwa maana nina maneno ya kusema na pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Wewe Mkubwa, binti yangu wa kwanza, keti hapa miguuni pangu. Wewe ndugu yake, mwenye gari, vuta kigoda, na usinitazame kwa jicho hilo la huruma, kwa sababu leo nitakusema. Wewe kitinda mimba wangu acha kulia, machozi yana siku yake. Na wewe mke wa huyu mwenye gari, uliyesimama huko nje kama mgeni aliyekosea nyumba, ingia ndani, hakuna neno la nyumba hii lisilokuhusu. Mwalimu, jirani yangu, kalamu yako inaandika? Basi andika kama ninavyosema, wala usinisahihishie sentensi, huu si mtihani.

Naanza na hasira, maana ndiyo iliyonibakiza hai wiki hii. Daktari kasema nisikasirike, moyo hautaki. Naye daktari hana watoto watatu kama hawa. Juzi asubuhi nilikuwa nimefumba macho tu, sikulala, na dirisha hili lilikuwa wazi, nikasikia sauti ya mwanamume nisiyemjua huko uani ikisema, "Mita tatu na nusu kwa nne. Linatosha bosi, tukiangusha ukuta huu gari linaingia lote." Na sauti ya mwanangu, mwanangu wa kumzaa, ikajibu, "Sawa fundi, lakini tusubiri kidogo, mzee bado yupo." Mzee bado yupo! Utadhani mimi ni mvua, mnangoja nikatike ndipo mwanike nguo zenu. Nikasikia utepe wa kupimia ukirudi ndani ya kijumba chake, krrr, nikasikia fundi akigonga ukuta kwa kidole kusikiliza kama ni wa tofali au wa udongo. Mtu anapima jiko la mama yenu, na mwanawe amemshikia upande wa pili wa utepe! Mkubwa alijua. Kitinda mimba alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui, na mimi ndiye niliyelijenga.

Sasa sikilizeni, wanangu, niwaambie mlichokuwa mnataka kukiangusha, maana asiyejua thamani ya kitu hukiuza kwa bei ya kuni.

Mnajua kwamba nilikuwa mwonja chai, lakini kazi yenyewe hamuijui, mnajua jina lake tu. Kule ghalani kulikuwa na meza ndefu iliyopita chini ya madirisha, na kila asubuhi vikombe vilipangwa juu yake mstari mmoja, mia mbili na zaidi, kila kimoja na majani yake yaliyopimwa kwa mizani ndogo, kila kimoja na maji yaliyotoka motoni dakika ile ile. Nilikwenda navyo kikombe kwa kikombe, kijiko mkononi, nikivuta kila funda kwa sauti kubwa hadi wapita njia wakageuka, nikalizungusha kinywani, nikalitema kwenye ndoo niliyoisukuma kwa mguu, kisha nikamtajia karani: hii imekaushwa kwa moto mkali, hii imevundia gunia, hii ni nzuri, iwekeni kando. Miaka thelathini na moja! Nimeonja chai kuliko mtu yeyote mnayemfahamu, na sikuinywa. Mwonja akimeza, saa nne haijafika moyo unamwenda mbio na ulimi wake haumwambii tena kitu.

Basi kazi ikaingia mwilini. Siku niliyokwenda kwao mama yenu kujitambulisha, nimevaa suti ya kuazima, shangazi zake watatu wamekaa mstari mmoja kunikagua, yeye mwenyewe akaniletea chai kwa mikono yake miwili. Nikaivuta kwa sauti, nikaizungusha, nikageuza shingo na kuitema ndani ya chungu cha maua cha shangazi mkubwa. Tena sikuishia hapo. Nikasema, kwa sauti ile ile ya kumtajia karani, "Imekaa majini mno, na majani ni ya msimu wa mvua." Niliposikia maneno yangu mwenyewe nilikuwa nimeshachelewa, maji yakimwagika hayazoleki. Wale shangazi waliniita Bwana Mtemaji mpaka wakazikwa, Mungu awarehemu, na sijui ni kwa nini alikubali kuolewa na mimi. Lakini alikubali kwa sharti. Aliniambia, "Chai ni yako. Mimi kwangu nitakunywa kahawa, nitaikaanga mwenyewe, na wewe hutaionja." Na alikuwa mwanamke wa neno lake.

Jiko la nyuma nililijenga kwa ajili hiyo. Hakutaka moshi wa buni uingie kwenye mapazia, na hakutaka mimi niwe karibu. Nililijenga kwa mikono yangu, Jumapili kwa Jumapili, matofali nikiyabeba kwa baiskeli, na lilipokwisha akaniambia asante, akaingia, akafunga mlango. Jamani! Nilikaa nje ya jiko langu mwenyewe miezi saba. Kila Jumamosi nilisikia buni zikianza kulia kwenye kikaango, pa, pa, papapa, na ile harufu ikapita chini ya mlango kuja kuniuliza mimi ni mwanamume wa namna gani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku moja nikainama. Niligonga mlango, nikasema, "Mama, nimekosa." Akafungua kidogo tu, akanitazama, akasema, "Humu ndani hakuna kutema. Kinachoingia mdomoni kitashuka. Na ukishameza, utasema kweli. Ikiwa mbaya sema mbaya, ikiwa nzuri sema nzuri, lakini anayedanganya juu ya kilichomo kikombeni hatakaa meza hii." Nikaingia. Nikameza kahawa yangu ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na mbili, na nilisema ni kali mno na imeungua upande mmoja, naye akacheka, kwa sababu alikuwa anajua.

Hiyo ndiyo sheria mliyozaliwa nayo. Nyumba nyingine zilikuwa na sheria kumi, za viatu mlangoni na za kurudi kabla ya giza. Yetu ilikuwa moja, na mliifahamu kabla hamjajua kusoma. Saa kumi alasiri kila mtu alikuwa jikoni na alichokigundua. Mkubwa, wewe ndiye uliyekausha mbegu za bamia zilizokomaa, ukazikaanga zikawa nyeusi, ukazitwanga, ukatuletea kwenye buli ukiwa na miaka tisa, na tulikunywa wote, na mama yako akasema, "Si kahawa, lakini si mbaya, ina utamu wa nyuma." Ulitembea wiki nzima kidevu juu. Kitinda mimba ulitia maganda ya chungwa yaliyokaukia juu ya jiko ndani ya chai ya rangi, mpaka leo sijaonja chai iliyonifurahisha kuliko ile, na nimeonja nyingi. Na wewe mwenye gari, wewe uliyeshika utepe, ulikuwa mtundu kuliko wote. Ni wewe uliyeloweka maganda ya nanasi na sukari kwenye chupa ukaifunga kizibo ukaisahau nyuma ya gunia la mkaa, hadi ikapasuka siku ya tatu na kugonga dari, na doa lake liko pale pale juu, wala hatukulipaka rangi kwa sababu mama yako alikataa. Ni wewe tena uliyetia chembe ya chumvi kwenye kahawa iliyoungua ukatuonyesha kwamba uchungu unapungua. Mwonja chai wa miaka mingi nilikuwa sijui hilo! Nilikwenda kuwaambia wenzangu ghalani kwamba mwanangu wa darasa la nne amenifundisha kazi. Na leo unataka kuegesha gari pale. Gari lilale ndani, na kumbukumbu ya mama yako ilale nje?

Usinijibu. Najua utasema jua linaharibu rangi. Na liharibu.

Mwalimu, umefika wapi? Haya, pumzika vidole, nami nipumzike kidogo.

Mama yenu alipofariki, miaka mitatu sasa, mlikuja saa kumi siku arobaini, mkaja kila Jumamosi, mkaja mkipata nafasi, kisha mkaacha. Mnapokuja sasa mnakuja na vipakiti vyenu mifukoni, unga wa kukoroga, kila mtu na chake, mnamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa, mnakunywa mmesimama huku dole gumba likipanda na kushuka kwenye simu. Nimewauliza mara ngapi, "Inasemaje?" nanyi mnanijibu, "Nini baba?" Kikombe! Kikombe kinasemaje? Mmekuwa watu wa kunywa bila kuonja, na mimi niliyewazaa nilikuwa mtu wa kuonja bila kunywa, sijui nani kati yetu ni mjinga zaidi.

Ni mmoja tu aliyeingia jikoni mle, na ndiye mnayemcheka.

Ndiyo, wewe mkwe wangu, inua uso. Wote tunajua ulichofanya mwezi ule wa kwanza ulipoletwa hapa. Ulikuta kikaango cha chuma cha marehemu, cheusi, kinateleza mafuta ya buni ya miaka zaidi ya thelathini, ukadhani ni uchafu wa wajane wavivu, ukakisugua kwa mchanga na chuma cha kusugulia sufuria mpaka kikang'aa kama sarafu, kisha ukakaangia vitunguu. Nilipokiona nilikaa chini sakafuni. Hawa wenzako wakakupa jina, Msafi, na mpaka leo wakitaka kukuchoma wanakuita Msafi, hata mumeo, nami nilikuwa nasikia na sikuwakanya, na kwa hilo naomba radhi mbele yao.

Lakini nani anajua kilichofuata? Hakuna, kwa sababu hakusema, nami nilitaka kuona kama kuna atakayeuliza. Alirudi kwangu siku ya pili, akapiga magoti, akasema, "Baba, nifundishe kukirudisha." Nikamwambia kwa hasira kwamba hakirudi. Akasema, "Basi nifundishe tuanze upya." Na tulianza. Alikipaka mafuta akakichoma, akakipaka akakichoma, macho yakamtoka machozi kwa moshi, buni za kwanza zikashika chini zikawa mkaa, za pili zikawa mbichi ndani, za tatu nilizitupa kwa kunuka moshi, na kila mara nilimwambia kweli, mbaya, mbaya, mbaya, naye kila mara akasema, "Sawa baba, Jumamosi ijayo." Mwaka mzima! Kikaango kikaanza kushika weusi wake. Mimi na yeye ndio tuliokuwa tukikaa saa kumi, nyinyi mko barabarani kwenye foleni. Amegundua kutia kipande cha mdalasini kwenye kikaango chenyewe, buni zikishalia, wala si kikombeni. Mama yenu hakuwahi kulifikiria hilo. Nimelisema kwa sauti, Mwalimu, liandike: hata marehemu hakulifikiria.

Sasa nakuja kwako, Mkubwa. Na usishike mguu wangu hivyo, ungoje kwanza unisikie.

Miezi minne, tangu daktari alipoandika kwenye karatasi kwamba kahawa marufuku, kila alasiri umeniletea kikombe na kuniambia, "Kahawa yako hii, baba." Wewe ni mfamasia, una duka la dawa, unajua kupima vitu, na ukapima ukaona kwamba ulimi wa mzee umekufa. Mwanangu! Ulimi huu! Funda la kwanza tu nilijua. Ni ile kahawa iliyoondolewa kafeni, ya kopo, kopo limefunguliwa siku nyingi, maji hayakufika moto, na umetia iliki nyingi kufunika. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo wa kikombe ni fupi zaidi, haizidi urefu wa koo. Ungeniambia, "Baba, kahawa sikupi, utakufa," ningekufokea, ningekuita majina, ningetupa mto, na ningekuheshimu. Lakini ulinitazama machoni ukadanganya juu ya kilichomo kikombeni, ndani ya nyumba hii, na uliweza kulala.

Mnajiuliza kwa nini nimenyamaza miezi minne, mimi nisiyenyamazia hata chumvi. Mnadhani nilikuonea huruma, Mkubwa. Sikukuonea huruma. Niliogopa.

Nipeni maji... hapana, acheni, nitaweza.

Niliogopa kwa sababu nyani haoni kundule, na mimi langu nililiona. Mama yenu wiki zake za mwisho alilala kitanda hiki hiki, na daktari alikuwa ameandika karatasi kama ile. Alasiri moja akaniambia, "Bwana Mtemaji, nikaangie kahawa." Alikuwa hajaniita hivyo miaka mingi. Nikasema sawa. Nikaenda jikoni, nikachukua mahindi makavu, nikayakaanga kwenye kikaango chake yakawa meusi tititi, nikayatwanga, nikayachemsha, nikamletea. Nikamwambia, "Kahawa yako hii, mke wangu." Akanywa. Akanywa yote mpaka chini, mwanamke ambaye maisha yake yote hakumaliza kikombe bila kukitoa kasoro. Kisha akanitazama muda mrefu, akasema, "Nzuri."

Neno hilo tu. Nzuri! Alijua. Mnadhani hakujua? Alinijua mimi, na alijua mahindi. Alivunja sheria yake mwenyewe ili mimi nisione aibu, na siku ya tano akaondoka, na kikombe cha mwisho nilichompa katika dunia hii kilikuwa uongo. Na wewe, Mkubwa, ulikuwa umesimama pale mlangoni, umeona mahindi kwenye kikaango, ukanitazama nami nikakutazama, na hatujalitaja mpaka leo hii. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa hiyo ulipoanza kuniletea kopo lako, nilitaka kukupigia kelele, na kila nilipofungua mdomo nilisikia harufu ya mahindi.

Hasira hii basi nusu yake ni yangu mwenyewe, nami nitakwenda nayo. Lakini msianze kupumua! Nusu nyingine ni yenu na ninawaachia.

Andika, Mwalimu, na andika vizuri, maana pumzi inapungua.

Nyumba hii ni ya watoto wangu watatu, sawa kwa sawa, hakuna wa kuuza bila wenzake wawili kuridhia. Makopo yote yaliyoko kwenye rafu ya jikoni, yenye vibandiko vya mwandiko wa marehemu, ni ya kitinda mimba, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akivisoma hata makopo yakiwa matupu. Kijiko changu cha kuonjea ni cha mwenye gari, akiweke ndani ya hilo gari lake ambalo litalala juani kama magari ya watu wengine, na siku akikaa kwenye foleni akitazame akumbuke kwamba aliwahi kumfundisha baba yake kazi. Nimekusema sana leo, mwanangu. Ni kwa sababu ulikuwa na ulimi kuliko wote na umeuacha ulale.

Jiko la nyuma, kuta zake, dari na doa lake, kinu, mchi, kikaango, na mlango wenye kitasa kibovu, nampa mke wa mwanangu. Si mumewe. Yeye. Hata kama, Mungu aepushe, siku moja ndoa itawashinda, ufunguo ni wake, na atapita kwenye uwanja huu kwenda jikoni kwake na hakuna wa kumuuliza. Fundi akirudi na utepe wake apewe kikombe cha kahawa, aambiwe kazi imefutwa, na aulizwe kikombe kinasemaje. Na kuanzia leo atakayemwita Msafi pasipo kumsifu, hana radhi yangu.

Magomvi yangu ya zamani nimeyasamehe yote. Nimemsamehe shangazi mkubwa wa mama yenu, ingawa lile ua lilikuwa limeshanyauka kabla sijalitemea. Msimamizi wangu wa ghala, aliyenilazimisha kutaja chai iliyovundia kuwa ni chai nzuri mwaka ule shehena ilipolowa, naye akasema ulimi wangu umechoka mbele ya makarani wote, huyo bado. Nitamsamehe kesho, nikiamka.

Siku ya msiba wangu msinichemshie watu chai kwenye pipa kutoka alfajiri hadi jioni. Nitaaibika nikiwa nimelala palepale. Chemsheni kidogo kidogo, mara nyingi. Watu wakisema marehemu alikuwa mpole, wakanusheni. Wakisema alikuwa mkali, waambieni ndiyo, alikuwa mkali, na wapeni kikombe cha pili.

Mkubwa... wewe sikukupa kitu cha jikoni, nimeona umegundua. Wewe nakupa kazi. Wanakuja dukani kwako wagonjwa na watoto wa wagonjwa, na wote wanataka kuambiwa nzuri. Waambie kweli. Kwa upole, si kama mimi. Kwa upole lakini kweli.

Nisogezeeni mto. Hapo. Mwanga umekuwa hafifu au ni macho?

Njooni mnishike mikono, wote wanne. Mungu awape ndimi zinazosikia na vinywa visivyoogopa. Awape watu wa kukaa nao saa kumi. Awape chakula na hamu ya kukila, maji na kiu yake, na mkikosana, mkosane mkiwa mmekaa meza moja. Niliyemkosea anisamehe, mlionikosea nimesamehe, isipokuwa... haya, na huyo naye. Andika, Mwalimu. Naye nimemsamehe. Kesho ni mbali.

Sasa... nani anashika kikombe? Mkubwa. Umekitoa wapi hicho? Umekuja nacho chini ya khanga ukadhani sioni. Sogea. Kuna nini humo?

Sema kwa sauti.

Maji. Maji matupu ya uvuguvugu, hujatia kitu. Eeh. Umesema vizuri. Umesema kweli. Niinulie kichwa, mwanangu, taratibu... taratibu...

Hayajachemka haya. Yalipashwa tu. Hata maji, Mkubwa! Mfamasia mzima! Nenda jiko la nyuma, mkwe wangu atakufungulia, washa moto, uyachemshe mpaka yaruke. Karatasi ya daktari unaijua, na kahawa ilipo unapajua. Ukitia, niambie umetia. Usipotia, niambie hukutia. Kwangu vyote sawa.

Nenda. Nitangoja.